Struan Moncur, Askari Aliyewalilia wa Pande Zote Mbili

Mwaka umetimia leo, Struan, tangu tukushushe kaburini hapa Glenarrat, mvua ikinyesha na mpiga zumari akitetemeka kwa baridi.

Asubuhi bado najikuta nimepika uji wa oti wa watu wawili. Wako ulikuwa wa chumvi, ukiunywa umesimama dirishani. Wajukuu wanakumbuka mifuko ya koti lako: tumbaku, kamba, na vikaratasi vya nyimbo ulizookota kwa wachungaji wa kondoo na wachuma matunda. Mashine ya kunasia sauti uliisukuma kwenye kigari cha binti yetu Catriona, na Catriona mwenyewe ukambeba mabegani.

Lakini hukupendwa siku zote, na watu wa hapa wanajua. Hatutaficha.

Mwaka wa tatu baada ya vita, siku ya kuzindua mnara wa majina ya vijana wetu waliouawa, ulisimama ukumbini ukasoma shairi lako. Mama yangu, Effie, alikaa kiti cha mbele, kifuani medali ya kaka yangu Ewan, aliyeanguka kando yako katika jangwa la Libya. Ndani yake uliwalilia waliokufa, wetu na Wajerumani, wamelala bega kwa bega mchangani. Hapo mama akasimama.

"Ni ushairi tu huo, Struan, au ndivyo ilivyokuwa?"

Nilikutazama nikiomba moyoni useme uongo.

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Ardhi ilikuwa mwamba, sepeto moja, na risasi bado zinapita. Nilimzika Ewan na kijana wao shimo moja."

"Na waliomuua mwanangu ni nani? Si hao hao?"

"Ni hao hao."

"Mtoeni nje msaliti huyo!" mtu akapiga kelele nyuma, na kiti kikarushwa. Mama alitoka bila kukutazama.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuja kwetu kila Jumapili, akala mezani kwetu, na wewe hakukusemesha. "Ishbel, mwambie mumeo anisogezee viazi." Nawe umekaa mkabala naye! Ulimsogezea. Mimi nilikuwa katikati yenu kama nguo inayokamuliwa.

Wakati huo vijana wa Edinburgh walikuwa wamelitia shairi lile kwenye sauti ya zamani ya zumari, likawa wimbo. Kiangazi kimoja mama alirudi kutoka kuchuma matunda ya rasiberi, vidole vyekundu, anauimba kwa chinichini. Kijiko chako kilisimama hewani.

"Wimbo gani huo, bibi?" Catriona akauliza.

"Wa zamani tu. Kuna mama mmoja wa wale wanaohamahama na mahema yao, kauimba kutwa nzima. Anasema kafundishwa na bibi yake."

Catriona alifungua mdomo, ukamkanyaga mguu chini ya meza. Baadaye nilikufuata bandani nikiwa nimechemka.

"Mwambie ni wako, Struan! Hii vita ya mezani kwangu iishe!"

"Akijua ni wangu, Ishbel, ataacha kuuimba."

Ukakaa kimya miaka minne mingine.

Kisha mapafu yakamlaza mama. Alasiri moja alikuita, kwa jina lako, mara ya kwanza tangu siku ya mnara. Ulisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Kaa. Niimbie ule wimbo wako."

"Wangu, mama?"

"Usinifanye mjinga. Niliujua palepale shambani, ubeti wa kwanza tu. Mwanangu yumo mle, nitakosaje kumjua?"

Uliimba. Ulipofika kwa wale vijana wawili, alikushika mkono wa koti.

"Huyo mwingine. Naye ulimfunika uso?"

"Nilimfunika, mama. Kwa blanketi langu."

Aliuachia mkono wa koti.

"Vizuri," akasema. "Endelea."

Unakumbukwa na mkeo Ishbel. Binti yako Catriona na mumewe Gavin. Wajukuu zako Ewan na Effie. Dada yako Una wa Dundee. Na wote waliokuimbia wakaona unaandika nyimbo zao. Maadamu tuna pumzi, Struan, hatutakusahau.