Mguu wa Mama Kwenye Cherehani

Dada yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Gauni lako la harusi limebaki kutiwa mikono tu, kwa hiyo usinenepe.

Ule ugonjwa wa Mama wa kutetemeka, daktari alisema kwa Kiingereza ni "controllable". Nikashangilia, nikidhani atapona. Kumbe maana yake unadhibitika tu, hauondoki.

Mama hakulia. "Basi ni kama cherehani yangu ya umeme," akasema. "Ina mbio zake, lakini mguu ni wangu."

Leo amemeza dawa, akauweka mkono mezani, akaungoja utulie. Kisha akatunga uzi kwenye sindano mwenyewe! Dada, aliyekuwa akitetemeka ni mimi.

Njoo mapema, angali anaweza kukufungia vifungo.

Ni mimi, mdogo wako.