Kola ya Shingo Yako

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Hapa tu wazima. Goti linanung'unika, mimi silisikilizi.

Cherehani ya umeme uliyonitumia kutoka kiwandani kwenu imefika. Majirani wamekuja kuitazama kama bibi harusi! Ile yangu ya kukanyaga nimeshamgawia shoga yangu.

Mama yako

28 Machi

Mama, shikamoo.

Goti je? Mbona kimya? Umeshashona nini?

Mwanao

11 Aprili

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, ila kidole.

Kukaa kwangu kimya kulikuwa uongo. Cherehani yako haishoni, inakimbia. Miaka thelathini mguu wangu umezoea kupiga pedali mbele-nyuma. Nikiipiga hii vile, inaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Imeharibu kola tatu za mteja mmoja, kwenye ya nne sindano ikanitoboa kidole. Nimeifunika shuka, wateja nawaambia umeme hautoshi. Na mimi ndiye niliyekuwa nakuimbia kwamba haraka haraka haina baraka!

Naona aibu, mwanangu. Nitafutie mnunuzi, ushonaji basi.

Mama yako, mstaafu

19 Aprili

Mama, shikamoo, na pole sana.

Usiiuze. Kosa ni langu, nilituma mashine bila kukuuliza. Nikupe siri: mwezi wangu wa kwanza hapa nilificha sponji chini ya pedali isishuke yote, msimamizi asione. Mifuko yote niliyoshona ilikuwa inakwenda upande.

Kwenye kifurushi hiki kuna puli, yaani gurudumu la mota, ndogo kuliko iliyopo, na mkanda wake mfupi. Fundi umeme azibadilishe, mbio zitapungua karibu nusu. Sponji kata mwenyewe, iweke chini ya ncha ya mbele ya pedali. Usiipige tena, bonyeza kwa vidole vya mguu tu. Nilipokuwa mdogo uliweka mguu wako juu ya wangu, ukaniambia, "Usiipige teke, ibembeleze." Basi.

Mwanao

30 Mei

Marahaba, mwanangu. Kidole kimepona, goti ni lile lile.

Fundi aliiona hiyo puli akacheka. Nikamwambia, "Funga kwanza, utacheka ukimaliza." Nilivua kiatu, nikabonyeza. Ikatambaa! Nilikuwa naiona sindano ikishuka na kupanda. Nililia kidogo, usimwambie mtu. Mteja wa zile kola nimemshonea nyingine. Alizigeuzageuza, kesho yake akaleta vitambaa viwili. Shuka imerudi kitandani.

Humu ndani nimekutilia kola. Nimeikata kwa kukumbuka shingo yako siku uliyoondoka, mwaka wa nne huu. Ikikubana, umenenepa. Ikilegea, huli vizuri huko. Shati lake linaning'inia hapa, halina mikono bado.

Mikono siwezi kuikisia. Njoo nikupime.

Mama yako, fundi