Maji Ndani ya Petroli

Jumatatu, 3 Machi 1913. Mwaya

Nimesugua plagi tena. Nimeifuta, nimeirudisha, nimezungusha gurudumu mpaka kiganja kimetoka lengelenge. Mashine imewaka, imekwenda mpaka kwenye matete, imekufa. Siku ya tatu hii. Bwana, mwenye mashua, alisimama ufukweni na saa yake mkononi, akihesabu dakika. Afadhali angetukana.

Jumamosi afisa wa boma anashuka kutoka milimani. Bwana amemwahidi kumpeleka Ikombe kwa mashine hii iliyofungwa nyuma ya mashua, bila kasia hata moja. Fundi ni mimi. Mzungu aliyeileta alinifundisha wiki mbili, akaenda zake.

Aliyeturudisha leo ni Lwitiko, kaka wa mke wangu, mpiga kasia wa Bwana tangu zamani. Alicheka njia nzima. Ati makasia yake hayanywi chochote. Shemeji ni shemeji, lakini nilitamani kumtosa majini.

Jumanne, 4

Nimeanza upya, kitu kimoja kimoja, kama nilivyofundishwa. Kwanza cheche. Nimetoa plagi, nimeiegemeza kwenye chuma, nimezungusha. Cheche ipo, ya buluu, nzuri. Basi si betri wala waya. Kisha mabapa ya chini yanayosukuma maji. Yamesongwa na magugu na uzi wa wavu, nimekata kwa kisu. Tundu linalovuta maji ya kuipoza lina tope, nimelichokonoa kwa kijiti. Mvua hizi zinashusha udongo wote wa Bujonde ziwani.

Imewaka. Nimeimba. Imekufa palepale kwenye matete.

Jumatano, 5

Nimepata. Nimefungua kikombe kidogo ambamo petroli hutulia kabla ya kuingia kwenye mashine. Chini yake pana tone linalotembea peke yake, halichanganyiki. Maji. Mashine haichomi maji, ndiyo maana inakohoa na kufa.

Nikakimbia kwa Bwana. Nilitaka anisifu, huo ndio ukweli. Akauliza nani ameyatia. Sikuwa nimelifikiria swali hilo. Yeye alikuwa na jibu tayari. Nani hucheka mashine ikifa? Nani atakosa kazi ikiwaka? Walinzi wawili wamemfungia Lwitiko katika ghala la mpunga. Afisa akifika Jumamosi, hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano mbele ya watu.

Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 6

Mke wangu Tumwitike hajapika. Alfajiri alipeleka ndizi za kuchoma ghalani, mlinzi akamfukuza. Aliporudi aliniuliza kama kaka yake anaweza kufanya jambo lile. Nikasema sijui. Uongo. Lwitiko hata kuigusa mashine hataki, anasema inanuka.

Basi maji yametoka wapi? Nikaenda kwenye kibanda cha mashua na chupa tupu. Madebe mawili bado yamezibwa yalivyotoka melini. Nikafungua moja, nikamimina kidogo kwenye chupa, nikaacha itulie. Safi. Nikamwaga, nikajaza kutoka kwenye chungu.

Chungu. Lazima niandike. Debe la tatu nilimpa mama mkwe mwezi uliopita. Anafinyanga vyungu kule Ikombe na vyote vinauzwa, hajabakiwa na hata kimoja cha kutekea maji. Mfinyanzi hulia gaeni. Alituma mtu kuomba debe, na mkwe hanyimwi. Petroli yake nikaihamishia kwenye chungu alichotupa sisi, kipya, kikubwa. Nilikiosha vizuri kwanza, mjinga mimi, udongo ukanywa maji. Nikafunika kwa jani la mgomba, chini ya paa linalovuja, majira ya mvua. Mashine nimekuwa nikiinywesha kutoka humo siku zote hizi.

Ndani ya chupa, juu petroli, chini maji, upana wa vidole viwili.

Ni mimi. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7

Sina raha. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda ghalani nikageuka kabla ya kufika. Kisha nikaona njia. Mashine ikipona, hasira ya Bwana itakwisha, Lwitiko atatolewa, na mimi sitasema kitu. Nimemwaga petroli yote iliyokuwa kwenye tangi, nimekausha kikombe kwa kitambaa, nimejaza kutoka debeni. Mzunguko mmoja tu. Imewaka. Imepita matete, imefika mdomo wa mto, imerudi.

Bwana alipiga makofi. Akasema, umeona? Tangu mhuni yule afungwe, mashine haina ugonjwa.

Kazi yangu nzuri imemkazia kamba mwenzangu. Nami nikainamisha kichwa, nikasema ndiyo Bwana.

Mwoga. Naandika neno lenyewe. Naogopa kiboko, na naogopa kurudi kubeba mizigo ya watu kichwani.

Jumamosi, 8

Afisa alifika saa nne. Watu walijaa. Lwitiko alitolewa macho yamevimba kwa vumbi la pumba, hakunitazama. Walipomlaza chini nikasikia sauti inasema ni chungu, si yeye. Sauti yangu. Bwana hakuamini, alidhani namwokoa shemeji. Nikaleta chungu na chupa, nikamimina mbele yao, tukangoja itulie. Maji yakashuka chini.

Wakamwachia yeye, wakanilaza mimi. Nilihesabu mpaka kumi na moja.

Alhamisi, 13

Naandika kifudifudi. Kazi sina. Bwana anaendesha mwenyewe, nimemsikia akipita. Mlio unarukaruka, plagi imechafuka. Si kazi yangu tena.

Lwitiko alikuja asubuhi na samaki wawili, mbasa. Tumwitike alishukuru, ndaga, ndaga, akalia kidogo kwa kumwona mzima. Lwitiko akakaa karibu na mkeka wangu, akasema mvua imepungua. Kisha akauliza nilijua tangu lini.

Ningeweza kusema Jumamosi. Hakuna aliyeniona kibandani.

Nikasema Alhamisi.

Alitikisa kichwa taratibu. Akamuaga dada yake, akaondoka.

Tumwitike alikuwa mlangoni, alisikia. Sasa yuko nje anapaa samaki. Ni wawili tu, na bado hajamaliza.