Matundu Niliyoziba Mwenyewe

Babati, Manyara

Kwako mke wangu, Mama Upendo,

Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na Upendo na mdogo wake, na kwamba baridi ya Njombe haijawala vidole. Mimi sijambo, nakula vizuri, ila viganja vimekuwa msasa. Tangu Babati iwe makao ya mkoa mpya kila mtu anajenga, na fundi anayejua kunyoosha ukuta kwa timazi hakai bure.

Barua yako niliipata Jumamosi. Umeandika kwa kupita tu kwamba siku hizi mnalala na jiko la mkaa chumbani, na kwamba Upendo aliamka kichwa kinamuuma, akatapika, ukadhani ni viazi. Mke wangu, si viazi. Nimeogopa sana. Lakini nina furaha pia, tena kubwa, kwa sababu dawa ya nyumba yetu nimeipata hapa hapa, na nimeipata kwa aibu.

Huku Nakwa nilimjengea nyumba kijana mmoja, Paskali, ya kumweka mama yake, Bibi Paulina. Asili yao ni milima ya Mbulu. Niliringa nayo kweli: madirisha makubwa, bati linang'aa mpaka barabarani. Bibi akahamia Jumatatu. Alhamisi akarudi kwenye tembe lake la zamani, la kuta nene na paa la udongo. Majirani wakacheka, na Paskali akanijia amekunja uso.

"Fundi, mama anasema umemjengea sufuria."

Nilikasirika, nikaenda kumuuliza mwenyewe.

"Shikamoo bibi. Nyumba ina kasoro gani?"

"Marahaba. Mchana inanichoma, alfajiri inanigandisha. Wewe kaa hapo."

Nikakaa ndani ya tembe saa saba mchana, jua kali nje, na humo kumepoa vizuri. Kesho yake nikarudi alfajiri, kwa ubishi tu, nikakuta joto la jana bado limo ukutani na hakuna moto uliowashwa. Nikatazama juu: udongo mzito, na chini yake vitundu vya kupitisha hewa. Miaka yote ya ufundi na sikuwahi kuliona hilo!

Basi tukaanza upya. Tulipanga fito chini ya bati, tukazikandika udongo uliochanganywa na majani makavu, ikawa dari. Dirisha la magharibi tukalipunguza. Juu ya kila ukuta, chini ya dari, nikaacha matundu ya hewa. Bibi alileta kibuyu chake cha maziwa, akakitundika ndani, akaenda zake. Maziwa yalipoganda vizuri bila kuharibika kwa joto, akahamisha kitanda. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Sasa hata watu wa Mutuka wananiita, wanataka "dari la bibi".

Leo asubuhi bibi alinitania: "Na huko kwenu kwenye baridi, mkeo anaota moto wapi?" Nikamweleza habari ya jiko, na kwamba Krismasi niliziba matundu yote ya hewa ya nyumba yetu kwa saruji ili upepo usiingie. Akaacha kucheka.

"Kachukue kalamu," akasema.

Mama Upendo, ulinichinjia jogoo kwa kazi ile, na kumbe nilikosea. Mkaa hauonyeshi moshi, lakini hewa yake ni sumu na nimeinyima pa kutokea, ndiyo maana unaua watu wakiwa usingizini. Jiko lisivuke kizingiti tena, hata kama mtatetemeka. Fundi bomba anayekuletea barua hii anapita kwenda Songea, nimempa blanketi zito la watoto. Nikimaliza Mutuka, wiki mbili tu, nakuja kukuwekea dari. Naliona kabisa, na wewe umekaa chini yake bila shuka begani.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu. Shemeji mwenye shamba la miti aanze kukata fito, nyembamba na zilizonyooka, asinipe zile za kuni. Msalimie na jirani yetu mshona nguo, na mwalimu wa Upendo.

Nyundo na tindo viko chini ya kitanda chetu, kwenye gunia. Usinisubiri. Ukimaliza kusoma tu, toboa matundu yote niliyoziba, na uanze na lile lililo juu ya kitanda cha Upendo.

Mumeo akupendaye,
Baba Upendo