Kioo cha Mbele

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, pamoja na za Mama, za Shangazi wa ghorofa ya juu, na hata za jirani yetu fundi viatu, ambaye bado anadai hukumuaga ulipoondoka. U hali gani huko? Kifua kimepona? Mama anauliza kama unakunywa maji ya moto asubuhi, nami nimemjibu ndiyo kwa niaba yako, kwa hiyo tafadhali yanywe nisionekane mwongo. Sisi huku ni wazima. Duka la picha linakwenda, na kamera yako ipo, ingawa juu ya kamera nina maneno niliyoyaweka mwisho kwa makusudi. Usirukie ukurasa wa mwisho. Nakujua.

Habari kubwa ni ya Mama, na ni njema, kwa hiyo soma ukiwa umetulia. Tumempeleka kwa daktari wa macho. Macho yake yalikuwa yanazibika taratibu kutoka pembeni, na hakuna aliyejua, hata mwenyewe. Daktari amesema sehemu iliyokwisha kupotea haitarudi, lakini tumewahi. Kwa dawa ya matone kila siku, iliyobaki italindwa. Niliposikia hilo neno tumewahi nililia palepale, na Mama akanipa kitambaa chake huku akiniambia niache kumtia aibu mbele za watu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimcheka. Kila wiki aligombana na mlango, kwamba umesogea. Vikombe vilipovunjika alivilaumu vikombe. Mke wa fundi viatu alinuna mwezi mzima kwa kuwa Mama alimpita kwenye ngazi bila kumsalimu, akaanza kusema kwamba tangu mwanawe apate kazi ya mbali mama huyu anaringa. Nami, badala ya kumtetea, nikamwambia Mama apunguze maringo. Nikikumbuka hilo natamani ardhi inimeze.

Tulivyogundua ni hivi. Shangazi alipostaafu ualimu, alikusanya walimu wenzake sebuleni kwake, nami nikaitwa na kamera yako. Watu wamechoka na picha za simu. Wanaitaka ile ya mkanda, wasikie mlio wake, wakae siku nzima bila kujua wametokaje. Nikampanga Shangazi kwenye kiti katikati, wengine kushoto na kulia. Mkanda ulikuwa wa picha thelathini na sita tu, kwa hiyo niliwafokea walimu wazima kama watoto wa darasa la kwanza, mwenye kupepesa macho ajilaumu mwenyewe. Kesho yake nikausafisha bafuni, taulo likiwa limeziba mwanga chini ya mlango, nikaligeuza kopo la dawa kila dakika kama ulivyonifundisha, kisha nikauanika kwenye kamba ya nguo na kibanio chini usijikunje.

Picha zilipotoka nilishika kichwa. Shangazi alikuwa safi, ungeweza kuhesabu vifungo vya gauni lake. Lakini waliokaa pembeni walikuwa wameyeyuka, wamezungushwa kama uji unaokorogwa, hawana masikio wala mabega. Nikazipeleka juu nikiwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu, akasema amengoja miaka thelathini kuwaona walimu wenzake wote wamefifia na yeye amebaki. Mama, aliyekuwa hapo, akaichukua picha moja, akaitazama, halafu akasema, "Sasa mnacheka nini? Si ndivyo watu wanavyoonekana wakikaa pembeni?"

Shangazi akamwomba Mama amtazame usoni bila kugeuka, akanyoosha mkono upande, akawa anachezesha vidole. Baada ya kitambo Mama akauliza hicho alichoitiwa kitaanza lini. Vidole vilikuwa vinacheza muda wote. Asubuhi iliyofuata tulikuwa kwenye benchi la daktari.

Tangu hapo nyumba imejaa vicheko. Mama sasa anageuza kichwa chote anaposhuka ngazi, na mke wa fundi viatu anamsalimu mara mbili mbili ili kufidia. Matone anajiwekea mwenyewe, na yakimwagikia shavuni analaumu chupa. Kila anayekuja anaambiwa kwamba binti yake ana jicho kali, kwamba kama si picha zangu angekuwa anapapasa kuta.

Sasa lile la mwisho, Kaka. Nilipokutumia zile picha za Shangazi, uliniuliza lenzi imepatwa na nini, nikakujibu kwamba mkanda ulikuwa umepitwa na muda. Nilikudanganya. Mkanda ulikuwa mpya. Mimi niliifungua lenzi yako.

Uliniachia kamera kwa masharti machache tu: niifute vumbi, nifyatue kamera mara moja kwa wiki isigande, lakini nisiguse lenzi kwa bisibisi wala kwa kitu kingine chochote. Mvua zilipozidi niliona kuvu ndani ya kioo, vinyuzi vyembamba vinatambaa kutoka ukingoni, nikaogopa utaikuta imeliwa. Nikalegeza pete inayokishika kioo kwa kipande cha mpira, nikatoa kioo cha mbele, nikakisafisha pande zote mbili, nikakilaza kwenye taulo kikauke. Nilipokiokota sikujua tena upande upi ulikuwa wa nje. Nikakirudisha kwa kubahatisha, kikakaa vizuri bila kubisha. Kilikuwa kinyume. Nilipoona wale walimu walioyeyuka nilijua saa ileile, na bado nikakuandikia uongo, kwa sababu ndiyo lenzi unayokuja kufungulia studio yako, na niliogopa hutaniachia tena kitu chochote. Kila Mama anaponisifu, naukumbuka uongo huo. Nisamehe.

Juma lililopita nilimweleza Mama yote, na kwamba nitakigeuza kioo kabla hujafika. Hakunigombeza. Aliomba picha moja kwanza. Akanifanya nisimamishe kamera pale anapokaa mezani, kwa usawa wa macho yake, na nikipige kile anachokitazama wakati wa kula. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye bahasha. Birika liko wazi katikati. Kile kitu cha upande wa kushoto, kama moshi, ni kiti chako. Akasema, "Mpelekee, ajue."

Leo asubuhi nimekigeuza kioo. Nimefungua mgongo wa kamera, nikaweka karatasi nyepesi mahali pa mkanda, na taswira ya dirisha la jirani iliyoangukia hapo imetulia mpaka kwenye kona. Lenzi yako ni nzima. Ukifika nigombeze unavyotaka, nitakaa kimya nisikilize. Ila usikitafute kiti chako mahali pake pa zamani. Nimekihamisha, kiko mbele ya Mama kabisa.

Wote hapa wanakusalimu na kukungoja kwa hamu, na fundi viatu anasema safari hii umuage. Safiri salama, uje tukuone.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda