Cheo Kinachompita Binti

Kaka Lugalia,

Mahindi ya upande wa kaburi lako yamefika magotini. Mvua ya mwaka huu imekuja vizuri, Mautuma yote ni kijani. Nimeketi barazani kukueleza yaliyotokea siku ya kunyoa, tulipomaliza matanga yako, maana wewe ndiye uliyeyaanzisha, nawe hukuwapo kuyasikia.

Lakini kwanza niseme asante. Baba alipotaka tugawane kazi za zizini, ulimwambia, "Mwache Ezekia asome, ng'ombe nitakamua mimi." Nami nikasoma. Niliporudi kutoka chuo cha ualimu uliniinamia mlangoni, kitambaa mkononi: "Sa Ezekia, chai iko tayari." Mama alicheka hadi akamwaga maziwa. Mzaha huo uliutoa katika nyumba ya yule Mwingereza ulikokuwa ukipiga sakafu nta, mwenye shamba hili kabla halijagawiwa watu. Miaka yote niliyofundisha historia, somo la kwanza nililipata kwako, jioni, tukitafuna mahindi ya kuchemsha.

Ulinisimulia safu ya picha ukutani kwake: wanaume tupu, pua moja, na kila mmoja aliitwa Sa, yaani 'Sir' ya Kiingereza. Baadaye nilisoma nikaelewa. Unajua napenda kueleza, kwa hiyo nivumilie hata huko uliko. Wako Waingereza wanaopewa u-Sa na mfalme kwa kazi nzuri, na huo hufa na mwenyewe. Wa bwana wako ulikuwa wa aina nyingine, unaitwa ubaroneti. Babu yao wa kwanza alimlipia mfalme gharama ya askari, akapewa cheo cha kurithiwa. Si ulodi; baroneti haketi na malodi bungeni kwa cheo hicho. Ni heshima ya jina tu. Lakini jina hilo haliuzwi, wala mtu hawezi kumwandikia ampendaye. Linashuka kwa mwana wa kwanza wa kiume. Akikosekana linamtafuta ndugu, au binamu wa mbali, mradi awe mwanamume wa damu ya yule wa kwanza. Asipopatikana, linakufa.

Ndiyo maana mzee yule alipofariki ulimwuliza binti yake, Miss Margareti, kama sasa yeye ndiye Sa. Swali la haki kabisa! Yeye ndiye aliyezalisha ng'ombe wakikwama, na yeye ndiye aliyewajua wafanyakazi wote kwa majina ya watoto wao. Ulisema alicheka, kisha akageukia dirisha. "Hapana, Lugalia. Kimekwenda kwa binamu yangu huko kwetu. Hata hajawahi kuiona Afrika." Kila uliponisimulia ulimalizia vilevile: "Wazungu wana ujinga wao, sisi tuna wetu. Wao waliuandika tu."

Nilidhani ni mzaha wako mwingine. Kumbe ulikuwa ukiwaza juu ya binti yako Kageha.

Basi siku ya kunyoa ukoo uliketi. Koti lako la uzee wa ukoo liliwekwa juu ya kiti, lile ulilovishwa siku tuliyomnyolea Baba. Hukuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo macho yote yalinijia mimi. Amugune, mwana wa Baba mdogo, akalishika mabegani. "Mwalimu, simama uvae. Jua linatuchoma."

Nikasema koti ni la Kageha. Kaka, kelele zilizozuka! Amugune aliuliza, "Tumvishe msichana, halafu kesho atuolee mke?" Vijana wakacheka. Kageha, ambaye ndiye aliyekupeleka hospitali na kukurudisha, na ambaye wewe mwenyewe ulikuwa ukimtuma kusuluhisha watu magoti yalipokushinda, alitazama chini. Niliona kwamba nikinyamaza tutampoteza. Angerudi Likuyani kwenye kazi yake ya kufundisha wakulima, na ukoo wetu, nyumba ya Kisia, ungebaki na mimi, mzee asiyejua hata mpaka wa shamba lake.

Basi nikaanza kueleza. Nilianzia kwa mfalme. Nikaeleza baroneti ni nani, na malodi ni nani, hadi Amugune akapiga kelele, "Mwalimu, kengele imelia!" Sikuacha. Nilipofika kwa Miss Margareti na binamu yake, Senge Vihenda aliinua fimbo. Shangazi yetu huyo sasa haoni vizuri, lakini akisema hakuna anayekohoa.

"Na huyo binamu alikuja?"

"Hakuja, Senge."

"Hata kuzika?"

"Hata kuzika."

"Mm. Na ng'ombe walizalishwa na nani?"

Hakungoja jibu. Alilichukua koti mikononi mwa Amugune, akampapasa Kageha mabega, akamvika. Amugune alisusa, akaondoka bila kula ugali wala kuku. Wengine walikubali kwa sharti moja, kwamba mazungumzo ya mahari yakija nitatangulia mimi kuketi, naye ataongea. Tulikubaliana hivyo. Mambo hayageuki yote kwa siku moja.

Kesi yake ya kwanza ilikuwa yangu. Watu wa bondeni walilalamika kwamba mikaratusi yangu inakausha chemchemi. Nilijua atanistahi, nilimpigania mbele ya ukoo wote. Alikuja, akaionja ardhi kwa jembe, akazungumza na wanawake waliokuja na ndoo. Kisha akaniambia mbele yao, "Baba mdogo, hii miti iondoke kabla ya kiangazi." Nilianza kumweleza habari za mizizi. Akaniacha nimalize, kwa adabu zako zilezile, kisha akasema, "Nimesikia. Iondoke."

Niliikata. Iliniuma, Kaka, ile miti nilikuwa naitegemea. Lakini nilipokuwa nikishuka bondeni na shoka, Amugune alikuwa amesimama njiani. Alisema jambo moja tu: "Huyu hana upendeleo." Wiki hiyohiyo alimpelekea shauri la wanawe wawili.

Pumzika, ndugu yangu. Asante kwa shule, na kwa binti. Wako watakaonijia pembeni wakitaka nibatilishe alilosema, kwa kuwa mimi ni mwanamume na ni mzee. Nakuahidi, kila atakayekuja nitamrudisha kwake, hata awe mwanangu.

Mdogo wako,
Ezekia