Chumba cha Bluu Anachokikimbia Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila usidhani unaandikiwa na mtu wa hivi hivi, mimi ni Yeiner, fundi rangi, shule niliiacha mapema lakini nusu ya kuta za mtaa wetu hapa Tunja, milimani, zimepita mikononi mwangu na hakuna aliyerudi kulalamika, sasa mama yangu Nohemi amepanda kutoka Barranquilla, huko pwani, kuja kuishi nami maana tangu baba afariki yuko peke yake, nami nikakipaka chumba chake bluu ile ile ya chumba chao cha pwani ili asijione mgeni, alipoingia akanishika mikono akasema, "Pazuri, mwanangu," nikavimba kichwa, lakini tangu hapo kutwa yuko jikoni kando ya moto, amejifunika poncho yangu, lile vazi zito la sufu, hata kusinzia anasinzia kitini, na juzi nimemsikia akimuuliza mchumba wangu Maricela basi la kurudi pwani linaondokea wapi.

Maricela ni mtoto wa huku huku milimani, aliniambia mapema nipake rangi ya joto, ya boga, nikamjibu kwamba anataka kumlaza mama ndani ya supu ya maboga, sasa zamu yake: "Umemjengea mama yako friji, halafu unashangaa hataki kulala na samaki." Nikimwambia mama nibadilishe, anakataa katakata. Nibaki na bluu au nipake boga? Na nikiifuta bluu, si nitakuwa nimemfutia kwao? Mshauri, sitaki aondoke.

Mpendwa Yeiner, fundi wa mtaa mzima,

Nimetabasamu, kisha nikasikitika. Barranquilla watu hupaka bluu ili wapumue, jua linawachoma mpaka ndani. Wewe umeibeba dawa ya joto ukaipandisha kwenye baridi ya Tunja. Ufundi wote huo ulikuwa umeuweka wapi? Maricela alikuambia, ukaleta mzaha. Muombe radhi leo.

Mama hakatai boga. Anakataa kukuvunja moyo, alipokushika mikono aliona rangi bado imekuganda kwenye kucha. Yuko tayari atetemeke yeye, mradi wewe usiumie.

Nunua makopo madogo ya rangi: boga, asali, udongo mwekundu. Paka ukutani viraka vikubwa kama sinia, avitazame mchana, jua likiingia na likitoka. Achague yeye. Akitaka bluu kidogo, ibaki kwenye fremu ya dirisha. Na umletee blanketi zito, rangi haipashi miguu moto.

Ila kabla ya kufungua kopo, kaa naye umwambie: "Ma, nilikosea. Nionyeshe wewe." Ukishindwa kuyasema hayo, hakuna rangi dukani itakayomzuia kupanda basi.